Kazini miaka milioni, kanisani siku sita

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34, naishi Karatu na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kuongoza watalii. Jumapili nisipokuwa safarini nafundisha Shule ya Jumapili katika usharika wetu wa Kilutheri, na mara nyingine namsaidia mwinjilisti darasa la kipaimara. Msimu wa wageni ukishaanza, Juni mpaka Oktoba, kanisani sionekani sana, na hilo nalo limekuwa likisemwa chinichini.

Njia yetu ya kwenda Serengeti hupita karibu na Olduvai, na wageni wengi huomba tuingie makumbusho. Pale ipo nakala ya nyayo za Laetoli, maana zenyewe zimefukiwa zisiharibike. Habari yake imeshanikaa mdomoni: volkano ilitema jivu, mvua ikanyesha kidogo, jivu likawa tope, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita, tope likakauka, kisha jivu jingine likaja kufunika. Miaka milioni 3.6 iliyopita. Nikimaliza hapo nahamia kwa Zinjanthropus, fuvu la kale aliloliona mtafiti Mary Leakey Julai 1959, lenye miaka milioni 1.75.

Mwezi uliopita lilikuja basi la shule ya msingi ya huku kwetu. Mwalimu wao tunafahamiana, akaniomba niwaeleze watoto kwa Kiswahili chepesi. Nilipotaja milioni 3.6, binti mmoja wa darasa langu la Jumapili akanyoosha kidole. "Mwalimu, kanisani ulituambia siku sita. Ipi ya kweli?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba siku moja ya Mungu ni kama miaka milioni ya kwetu, nikasogea kwenye kabati linalofuata. Binti akabaki ananitazama.

Babu yake ni mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika sana. Mwanawe mmoja alisoma chuo kikuu Dar es Salaam, akarudi hasali tena, na mzee husema elimu ndiyo iliyomchukua. Habari ya makumbusho ilipomfikia, niliitwa mbele ya baraza la wazee. Akasema siwezi kula meza ya Bwana na meza ya Darwin. Akauliza: kama Adamu hakuwapo, dhambi ilitoka wapi? Na kama dhambi haikuingia, Kristo alikufa kwa ajili ya nini? Sikuwa na jibu. Wanataka nichague moja, kazi au darasa. Mchungaji ameomba apewe muda.

Mke wangu anasema niachane na darasa, kwa sababu ada za watoto zinatoka kwenye utalii, hazitoki Shule ya Jumapili. Lakini Mama, mimi naamini. Asubuhi nikisimama na wageni ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ukungu ukaanza kuachia na nyati wakaonekana kule chini kama punje, huwa naomba kimoyomoyo hapohapo. Ila siku hizi najiona kama watu wawili. Je, natenda dhambi? Watoto niwaambieje? Na kama siku zile si siku, fundisho la uumbaji linatufaa nini?

Mwalimu wa Jumapili, Karatu


JIBU

Marahaba mwanangu.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Hutendi dhambi kwa kumweleza mgeni umri wa jivu. Umri ule unapimwa kwa potasiamu iliyomo kwenye madini ya volkano, ambayo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo wa polepole unaojulikana. Aliyeweka mwendo huo ni nani, mimi na wewe na mzee wako tunakiri pamoja kila Jumapili.

Jibu ulilompa binti, hilo ndilo sikulipenda. Najua lilikutoka kwa haraka, na ni la kawaida, hata wahubiri wakubwa hulitumia. Lakini lijaribu kidogo uone. Mwanzo inasema mimea iliota siku ya tatu, jua likafanywa siku ya nne. Kila siku ikiwa miaka milioni, basi majani na miti ya matunda vilikaa miaka milioni bila jua. Ndege wanatokea siku ya tano na wanyama wa nchi kavu siku ya sita, na miamba haisemi hivyo. Ukianza kuivuta sura ile ifuate jedwali la jiolojia, utaharibu vyote viwili, na mtoto mwenye akili ataliona hilo kabla yako. Zaburi ya 90 inaposema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana, haitupi kipimo cha kugeuzia kalenda. Inamlilia Mungu kwa sababu maisha yetu ni mafupi.

Ugomvi huu haukuletwa na Darwin. Origen, mwalimu wa kanisa wa Alexandria, Misri, katika karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi za kawaida ilhali jua halijawekwa. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, aliisumbukia sura hiyo kwa miaka mingi akaona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba zile siku sita ni namna ya kutupangia sisi tuelewe. Yeye huyo aliwakanya Wakristo wanaozungumza ovyo mambo ya nyota na dunia mbele ya watu wanaoyajua vizuri, kwa sababu wasikilizaji watasema: kama hawa wanakosea kwenye vitu tunavyoviona, tutawaamini vipi kwenye ufufuo? Hayo yaliandikwa Afrika, zaidi ya miaka 1,400 kabla Darwin hajachapisha kitabu chake cha asili ya viumbe mwaka 1859. Wakikuambia kwamba kuisoma Mwanzo hivyo ni kuwaiga Wazungu wa kisasa, unaweza kuwatajia.

Lakini uwe mkweli pia upande wa pili. Martin Luther mwenyewe alizichukua siku sita kuwa siku, na aliona dunia haijafikisha hata miaka elfu sita. Mzee wako ana shahidi mzito, tena wa nyumbani. Usimfanye mjinga. Ila ile tarehe kamili ambayo wengine huishikilia, mwaka 4004 kabla ya Kristo, haimo katika Biblia. Ilikokotolewa na askofu mkuu James Ussher wa Ireland, aliyeitoa mwaka 1650, na tangu 1701 ikawa inachapishwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza. Watu walizoea kuiona pale hadi ikachukuliwa kama Maandiko.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo barua yenyewe. Fundisho linatufaa nini?

Wataalamu wengi wa Biblia wanaisoma sura ya kwanza ya Mwanzo pamoja na historia ya uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 kabla ya Kristo. Fikiria hali ya Waisraeli kule. Hekalu limechomwa, mfalme ametobolewa macho, na Wababeli wana hadithi yao ya mwanzo: mungu Marduk alipigana na Tiamat, akamuua, akampasua vipande viwili akafanya mbingu na nchi. Kisha binadamu akatengenezwa kwa damu ya mungu aliyeuawa, ili wafanye kazi miungu ipumzike. Hadithi hiyo inamwambia mtumwa kwamba aliumbwa awe mtumwa.

Baada ya kuisikia hiyo, isome Mwanzo tena. Hakuna vita. Mungu anasema, na inakuwa. Jua na mwezi, ambavyo majirani wote walivisujudia, vinatundikwa siku ya nne kama taa, na nyota zinatajwa kwa maneno machache mwishoni, "akafanya na nyota pia." Binadamu naye hakuumbwa kuwabebea miungu mizigo. "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Katika nchi zile aliyeitwa mfano wa mungu alikuwa mfalme. Hapa anaitwa hivyo kila mtu, mwanamke akiwemo, mateka akiwemo.

Hilo ndilo la kuwafundisha watoto mpaka liwaingie. Nchi hii imeona watu wenye ualbino wakiwindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya utajiri wa waganga, na baadhi ya waliofanya hivyo walikuwa na majina ya ubatizo. Sijawahi kusikia kwamba mtu aliyeshika hesabu ya siku sita alizuiwa nayo kuinua panga. Aliyeamini kweli kwamba aliye mbele yake ni mfano wa Mungu, huyo angezuiwa. Nasikitika kwamba makanisa yetu yanagombana miaka mingi juu ya hesabu na hilo jingine linapitwa kwa dakika mbili.

Huko kwenu mnajua kesi za viwanja. Hati ya kiwanja haikuambii udongo una umri gani. Inakuambia mwenyewe ni nani, na wewe uliyekaa juu yake una haki gani na wajibu gani. Ndivyo ninavyoisoma Mwanzo. "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA," Zaburi ya 24 inasema hivyo. Mtu naye amewekwa bustanini "ailime na kuitunza." Nimepita njia za Karatu nikaona mashamba yalivyoliwa na makorongo ya mmomonyoko. Hapo pana somo la uumbaji ambalo darasa lako linaweza kulifanya kwa miguu, bila kitabu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hujaliangalia kwa sababu liko karibu mno. Rudi kwenye Katekisimu Ndogo uliyokariri kwa ajili ya kipaimara, ile ya mwaka 1529. "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi. Maana yake nini?" Luther, aliyeamini siku sita, alipotakiwa kumweleza mtoto maana ya kifungu hiki hakutaja hata siku moja. Alianza na kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote. Akaendelea na macho, masikio, akili, nguo na viatu, chakula, nyumba, mke, watoto, shamba, ng'ombe. Kwamba Mungu ananipa hivyo na kunilinda kila siku, wala sistahili. Kwa hiyo imenipasa kumshukuru, kumsifu, kumtumikia na kumtii. Ameishia hapo.

Umeona alipoliweka fundisho? Amelileta mpaka mezani kwako, kwenye viatu vya mwanao. Kuumba kwa Mungu hakukuisha zamani akaondoka. Angeondoa mkono wake leo, kreta na nyati na wageni na gari lako visingekuwapo hata nukta moja. Ukiukiri hivyo uumbaji, idadi ya miaka, iwe elfu sita au milioni 3.6, haiongezi wala haipunguzi utegemezi wetu. Nawe unalijua hilo tayari, maana pale ukingoni unaomba.

Hoja ya Adamu ni nzito kuliko ya siku, na mzee hakuitoa kwa ukaidi. Paulo katika Warumi 5 anamweka Adamu upande mmoja na Kristo upande mwingine. Makanisa hayakukubaliana namna ya kulibeba jambo hili. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa binadamu, akashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na kuhusu Adamu akawa mwangalifu sana. Waadventista Wasabato mwaka 2015 waliandika katika imani zao kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita na wa karibuni. Mimi nasimama hapa: Paulo hakumjua Kristo kwa kumchunguza Adamu. Alikutana na Kristo kwanza, njiani Dameski, ndipo akatazama nyuma akaona ugonjwa wa wanadamu wote ulivyo mmoja. Nasadiki kwamba wanadamu walimjua Mungu wakamgeuka, na kwamba kila mmoja wetu amezaliwa ndani ya kugeuka huko. Dhambi hiyo haihitaji kuthibitishwa na fuvu. Msalaba unasimama kwa sababu ya hali yetu tunayoijua, na hali hiyo haibadiliki kwa tarehe yoyote itakayotoka maabara.

Pamoja na hayo, angalia mipaka ya nyayo zile. Watafiti wanakuambia aliyepita alitembea kwa miguu miwili, na wanamweka kwenye jamii ya viumbe wa kale iitwayo Australopithecus afarensis. Kama aliwahi kumwita Mungu, jivu halikuhifadhi. Kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba huyu ni Adamu, wala kwamba huyu anamfuta Adamu. Mgeni akikuambia, kama wengine wanavyopenda, kwamba nyayo hizi zimemaliza habari za Mungu, una ruhusa ya kutabasamu na kumwambia hapo ametoka kwenye jiolojia na kuingia mahubirini. Louis Leakey, mume wa Mary, alizaliwa Kabete nchini Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Vitu hivi viwili vimekaa nyumba moja tangu mwanzo wa kazi yenyewe.

Nikusome kidogo sasa, usikasirike. Sidhani hasira ya mzee ilianzia makumbusho. Umeandika mwenyewe kwamba alimpoteza mwana, na anaamini elimu ndiyo iliyomchukua. Sasa mjukuu wake anarudi nyumbani na swali lilelile, na aliyemfunga kinywa ni mwalimu wa kanisa. Ningekuwa mimi ningeogopa pia. Tena umeandika kwamba tangu Juni hadi Oktoba huonekani. Sura unayogombania inamalizikia kwenye siku ya kupumzika, na hapo ndipo wewe huna la kujitetea. Ongea na anayekupangia safari upate angalau Jumapili moja moja katika msimu. Tipu itapungua, najua. Watoto wa darasa lako watajifunza uumbaji kwa kukuona umekaa nao kuliko kwa maelezo yako.

Usirudi kwenye baraza kujitetea. Nenda nyumbani kwa mzee jioni, wewe na mkeo, mpe shikamoo, unywe chai yake. Usibebe kitabu wala simu yenye video. Mwulize habari za yule mwanawe, umwache aongee. Adamu atakuja mwenyewe katika mazungumzo, na akija mwambie unavyoamini msalaba kabla hujamwambia lolote kuhusu miamba. Mchungaji akiamua upumzike kufundisha kwa muda, pumzika, ila usihame usharika na usiache kuketi ibadani. Kazi usiiache. Mkeo ana haki kuhusu ada. Kuhusu darasa simuungi mkono, maana ukiondoka kimya watoto watajijibu wenyewe kwamba walioshinda ni nyayo.

Binti naye anakudai. Mbele ya wenzake walewale waliocheka, mwambie swali lake lilikuwa zuri na lile jibu la miaka milioni halitoshi. Kisha someni Mwanzo 1 kwa sauti, kila mtoto siku yake, uwaulize neno gani linarudi. Watakuambia: Mungu akaona ya kuwa ni vyema. Waulize nani alifanya, alivionaje, na sisi tumewekwa tufanye nini. Akiuliza tena kuhusu siku, mwambie wapo Wakristo wanaozihesabu kama zetu na wapo wasiozihesabu hivyo, wote wakikiri Muumba mmoja, na umwambie wewe uko wapi. Mtoto wa umri huo anaweza kubeba hilo.

Mzee naye, siku akitaka kuziona zile nyayo, mpeleke siku ya kazi wakati huna wageni. Mkifika kwenye ile nakala usianze hotuba yako. Ngoja akuulize.